Nimepanda majukwaa ya mitindo miaka minne. Mbona kwenye filamu nakwama?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Arusha, urefu wangu ni sentimita 179. Nimekuwa mwanamitindo kwa miaka minne. Nimepanda majukwaa ya Arusha, Dar na Nairobi, na picha zangu zimetumika kwenye matangazo ya vitenge. Ndoto yangu ni filamu. Nimefanya usaili mara mbili. Wa kwanza mwongozaji aliniambia, 'Una sura ya kamera, lakini huigizi, unapozi tu.' Wa pili sikuambiwa kitu. Nasoma kwamba mwigizaji Charlize Theron alionwa benki akigombana na karani, na mwanamitindo Iman alionwa barabarani Nairobi, wote wakawa mastaa. Najiuliza: ni kwamba sijaonwa na mtu sahihi, au sina kipaji? Sasa kuna bwana anasema ni wakala. Anataka milioni moja na laki mbili aniandalie picha na kuniunganisha na filamu ya Afrika Kusini, na anataka tukutane hotelini kusaini. Mama anasema uigizaji ni uhuni, nibaki na mitindo. Mwezi ujao nina usaili wa tamthilia. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na lenye haraka. Huyo bwana usimpe hata shilingi, na hotelini usiende. Wakala wa kweli hupata riziki pale unapoipata wewe: hulipwa asilimia ya malipo ya kazi aliyokutafutia, na Marekani kawaida ni asilimia 10. Usipopata kazi naye hapati kitu, ndiyo maana huhangaika. Aliyekwisha lipwa milioni yake mwanzoni hana tena cha kumhangaisha. Kule California, Hollywood iliko, sheria inamkataza wakala wa vipaji kumtoza msanii ada ya awali, kwa sababu mabinti wengi kama wewe waliliwa pesa kwa mtindo huu huu. Mwombe jina la filamu, kampuni inayoitengeneza na mtu anayesimamia usaili, kisha wewe mwenyewe uitafute kampuni hiyo uipigie. Mkataba husainiwa ofisini, mchana, baada ya kukaa nao nyumbani siku kadhaa na kumwonyesha mwanasheria. Akianza kuzungukazunguka kwamba nafasi ina "masharti mengine", jua umefika kwenye jinai: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au upendeleo. TAKUKURU wana namba ya bure, 113, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo usisubiri ushauri wangu. Nenda mwenyewe, nenda na mtu.

Sasa turudi kwenye kinachokuumiza. Umeuliza kama hujaonwa au huna kipaji, na naona umejifungia kati ya majibu hayo mawili. Kuna la tatu, na yule mwongozaji wa kwanza alikuambia waziwazi, ila maneno yake yalikuchoma ukashindwa kuyatumia. Unapozi. Una mazoea ya kazi moja na umeyabeba mzima mzima kwenye kazi nyingine. Mazoea yanafundishika, na pia yanaachika. Aliyekuambia hivyo alikusaidia kuliko yule aliyenyamaza.

Hadithi ya benki ni ya kweli. Charlize Theron ameisimulia mwenyewe mara nyingi. Kasoro yake ni kwamba husimuliwa ikiwa imekatwa mwanzo na mwisho.

Mwanzo ni huu. Alizaliwa Agosti 1975 huko Benoni, mashariki ya Johannesburg, nyumbani wakizungumza Kiafrikana. Tangu utotoni alicheza baleti, na alipofikisha miaka 13 alipelekwa shule ya bweni ya sanaa mjini Johannesburg. Akiwa na miaka 16 alishinda shindano la mitindo lililompa mkataba wa kwenda Milan, Italia, akaenda na mama yake. Mitindo aliifanya Ulaya kwa muda wa mwaka hivi, kisha akaenda New York, na kule shabaha yake ilikuwa kusoma baleti katika shule ya Joffrey. Goti likaharibika. Msichana wa miaka 18 aliyejiandaa kwa dansi maisha yake yote akaambiwa na mwili wake kwamba dansi imekwisha. Mama yake ndiye aliyemkatia tiketi ya kwenda Los Angeles mwaka 1994, ya kwenda tu, bila kurudi.

Ndipo tunafika benki. Ana hundi mkononi, karani anakataa kuilipa, binti anapandwa na hasira kwa sababu bila ile pesa hana pa kulala. Nyuma yake kwenye foleni yupo msimamizi wa wasanii, John Crosby, ambaye anampa kadi yake. Hapo wasimuliaji wengi hufunga hadithi na kuanza kuorodhesha tuzo.

Lakini ile kadi ilimpa nini? Ilimpa mtu wa kumpigia simu, basi. Baada ya hapo ni madarasa ya uigizaji na kazi ya kuilainisha lafudhi yake ya Kiafrikana, ambayo sehemu yake aliifanya kwa kukaa mbele ya televisheni na kuiga. Filamu yake ya kwanza, ya kutisha na ya bajeti ndogo, ilitoka 1995. Hakuwa na hata neno moja la kusema. Mwaka 1996 akaonekana katika "2 Days in the Valley", akiwa yule mrembo ambaye Hollywood ina maelfu kama yeye. Mwaka 1997, katika "The Devil's Advocate", akapewa nafasi ya mke kijana anayechanganyikiwa akili hatua kwa hatua huku mumewe haoni. Ukiwa na muda itazame hiyo kabla ya nyingine zote. Uso uleule uliouza mavazi unaanza kuvunjika, na yeye haulindi. Mwongozaji Patty Jenkins alimwona katika filamu hiyo, na baadaye akamkabidhi "Monster" ya mwaka 2003, kisa cha Aileen Wuornos, mwanamke aliyekandamizwa na maisha mpaka akaua watu kadhaa huko Florida. Kwa nafasi hiyo Charlize alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike Februari 2004, Mwafrika Kusini wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Tangu benki mpaka tuzo ni kama miaka kumi.

Watu husema alishinda kwa sababu alikubali kuwa mbaya: aliongeza uzito, alinyoa nyusi, alivaa meno ya bandia. Hilo nalipinga kila mwaka darasani. Vipodozi vingetosha kama kazi yenyewe ingekuwa picha. Angalia mabega yake katika filamu ile, jinsi yanavyotangulia mlangoni kama ya mtu anayetarajia kupigwa. Angalia anavyorudisha kichwa nyuma anapodanganya. Hayo hayapakwi na mtu wa vipodozi. Yametoka kwa mtu aliyejifunza tangu utotoni kusimulia kisa kwa mwili, na hapa nina maoni yangu ambayo najua si ya wote: watu humwita Charlize mwanamitindo aliyegeuka mwigizaji, mimi namwona mcheza dansi aliyepita kwenye mitindo kwa muda mfupi. Msingi wake ulikuwa pale.

Iman naye umeletewa hadithi iliyokatwa, tena yake ilikatwa kwa makusudi. Mpigapicha Peter Beard alimwona Nairobi mwaka 1975, na New York ikauziwa habari kwamba ni msichana aliyetolewa porini akichunga mifugo, asiyejua Kiingereza. Ukweli ni kwamba alikuwa binti wa mwanadiplomasia wa Kisomali, mzaliwa wa Mogadishu, anazungumza lugha kadhaa, na wakati huo alikuwa anasoma sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya kukubali kupigwa picha alitaka kwanza alipiwe ada ya chuo. Shika hilo, mwanangu. Binti wa miaka ishirini, mkimbizi, anasimamishwa barabarani na mgeni mwenye kamera, na yeye ndiye anayetaja bei. Linganisha na bwana wako wa hotelini.

Kwenye filamu Iman aliingia mwaka 1979 na "The Human Factor", akaonekana katika "Out of Africa" ya 1985 iliyopigwa Kenya, na katika "Star Trek VI" ya 1991. Nafasi nyingi zilikuwa ndogo. Kwa macho yangu uwezo alikuwa nao, lakini aliitwa aje kupendeza, na Hollywood ya miaka ile haikuwa na mengi ya kumwandikia mwanamke mweusi zaidi ya hapo. Mwaka 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi kwa wanawake ambao maduka hayakuwa na rangi ya ngozi zao, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya maisha yake baada ya jukwaa. Nakuambia haya kwa sababu swali lako lina dhana kwamba mwanamitindo aliyefanikiwa lazima aishie kwenye filamu. Halazimiki. Kama unaitaka filamu, itake kwa kuwa unapenda kuigiza.

Sasa nikueleze kwa nini unapozi, maana ukielewa kinachotokea hutajichukia tena.

Picha ya mnato hunasa sehemu ndogo sana ya sekunde, tuseme moja ya 125. Kwa kazi hiyo miaka minne imekufundisha kuandaa uso, kuupeleka kwenye mwanga, na kuushikilia pale mpaka mpigapicha amalize. Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde, na mtazamaji wake hukaa anasubiri kitu kimoja: badiliko. Anataka kuona habari ikiingia kichwani mwa mhusika, jicho likijua kabla mdomo haujasema. Ukishikilia uso kwa sekunde tano, umempa fremu 120 zinazofanana. Hata uwe mzuri namna gani, macho yake yatahamia kwa yule mwenzako anayepumua.

La pili ni pale akili yako inapokaa. Mwanamitindo mzuri anajua lenzi iko wapi hata akiwa ameipa mgongo, na kila anachofanya anakifanya kuelekea huko. Mwigizaji naye anajua lenzi ilipo, ila mawazo yake yako kwa mtu anayezungumza naye. Mwigizaji mwenzako akikuambia "Baba amefariki", na wewe sehemu ya akili iko kwenye pembe ya kidevu chako, kamera inaliona hilo. Inaliona wazi kabisa, kwa sababu iko karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutazama ukiwa umehuzunika.

La tatu ni pumzi, na nadhani ndilo tatizo lako la sauti hata kama hukulitaja. Jukwaani mmefundishwa kuvuta tumbo ndani. Tumbo likivutwa, ule msuli ulio chini ya mapafu hauna pa kushukia, pumzi inabaki kifuani juu, na sauti inatokea kooni ikiwa nyembamba. Mabinti wengi waliokuja kwangu kutoka kwenye mitindo waliambiwa wana "sauti ya kitoto". Sauti haikuwa na neno. Tumbo ndilo lilikuwa halijaachiwa.

Usidhani lakini kwamba miaka minne imepotea. Unaujua mwanga, waigizaji wengi wa jukwaa la maonyesho huhangaika nao kwa miaka. Unaweza kusimama kwenye alama ya sakafuni bila kuiangalia. Umezoea kuamka saa kumi alfajiri, kusubiri kwa muda wa saa sita, kubadilishwa nguo na watu usiowajua, na kukataliwa siku ya Jumatatu ukarudi Jumanne. Seti ya tamthilia, yaani mahali inapopigwa, huwavunja watu wasio na hayo. Urefu wako nao usikunyime usingizi. Mwenzako akiwa mfupi atawekewa kisanduku cha kusimamia, au mtapigwa mkiwa mmekaa; Charlize ana sentimita 177 na amefanya kazi na wanaume wa kila kimo.

Zoezi la nyumbani nitakupa moja tu, ila ulifanye kila siku mpaka usaili. Keti na ndugu au rafiki, weka ungo wa mchele mapajani, mchague mawe kwelikweli, mchele mtakaoupika. Simu iwe inarekodi pembeni, usiitazame. Mwenzako akusimulie jambo ambalo hujawahi kulisikia, na wewe umuulize maswali. Baada ya hapo, mkiendelea kuchagua mchele, semeni mistari ya skripti. Mikono ikiwa na kazi ya kweli na masikio yakiwa na kazi ya kweli, uso hukosa nafasi ya kujipanga. Ukirudi kutazama, tafuta pale ulipojisahau. Huyo ndiye mwigizaji tunayemtafuta, na utashangaa kwamba kwenye video ile ile yupo na yule anayepozi pia, wanapishana. Utajifunza kuwatambua kabla ya mtu mwingine kukuambia.

Sauti hutaiweza peke yako. Hapo unahitaji mtu akusikilize ana kwa ana, akuwekee mkono mgongoni, akuambie pumzi imefika wapi. Ukiwa na nafasi ya kusoma kwa muda mrefu, kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni kule Bagamoyo, na kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zimefundishwa tangu miaka ya 1960. Kama huwezi kuondoka Arusha, tafuta kikundi cha maigizo, hata cha kanisani au cha vijana wa mtaani, kinachofanya mazoezi kila wiki na kupanda jukwaani mbele ya watu. Mimi naamini mwaka mmoja wa kikundi kama hicho unakufaa kuliko semina ya siku tatu yenye cheti. Wengine watakuambia jukwaa linaharibu mwigizaji wa kamera kwa kumzoesha kupaza. Kwa mtu mwingine huenda. Wewe unahitaji kwanza ujue raha ya kusikilizwa.

Kuhusu kuacha mitindo: usiache. Ndiyo inayokulipia kodi, na msanii mwenye njaa hukubali mikataba mibaya. Punguza kazi zinazokula siku za mazoezi, weka akiba, na ujue kwamba mwaka wa kwanza uigizaji pengine utakulipa kidogo kuliko vitenge. Afrika Kusini nayo ina kazi nyingi na ushindani wa watu waliosomea, wengi wakizungumza lugha tatu au nne za kule. Kwenda bila kazi iliyoandikwa ni kwenda kuanza mitindo upya, tena ugenini. Huku nyumbani tamthilia za chaneli za Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zimefungua mlango ambao kizazi cha Bongo Movie za kanda na diski hakikuwa nao: mhusika mmoja kwa miezi, vipande vingi kwa siku, makosa unayarekebisha wiki hiyo hiyo. Wema Sepetu alitoka kwenye taji la Miss Tanzania la 2006 akaingia filamu akiwa na Steven Kanumba, na hakuna aliyemwambia apitie kwanza Johannesburg.

Jambo moja hukuuliza, nami siwezi kuliacha. Umeishi miaka minne kwenye kazi inayopima nyonga kwa futi. Kama unaruka milo ili uenee kwenye nguo, kama unahisi kizunguzungu, au kama siku zako zimekata miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali ukamwone daktari, na umweleze kazi yako bila aibu. Mwili usiolishwa haushiki mistari, haustahimili saa kumi na mbili za seti, na mifupa huathirika kimya kimya. Filamu itakuomba uwe mwanamke wa Kitanzania anayeweza kuwa muuguzi, mama ntilie au hakimu. Kwa hilo, kula.

Mama yako mheshimu, na usimshinde kwa maneno. Anaposema uhuni, ana hofu ya watu kama yule wa hotelini, na kwa hilo yuko sahihi kabisa. Mpeleke kwenye mazoezi ya kikundi siku moja akae nyuma asikilize. Ukipata kazi, mpe mkataba asome kabla hujasaini, hata kama mwanasheria ameshaupitia. Charlize alikwenda Milan na mama yake. Hakuna aibu kwa binti wa miaka 24 kuongozana na mzazi kwenye mkutano wa kwanza. Mwenye kazi halali hatakasirika.

Sasa usaili. Vaa nguo ya kawaida ya rangi moja isiyo na maandishi, nywele ziwe nyuma ili macho yaonekane, kope za bandia ziache nyumbani. Albamu ya picha za mitindo usiifungue mpaka uulizwe. Ukiifungua kwanza umewaambia wakutazame kwa jicho lile lile. Jifunze mistari mpaka uweze kuisema ukifagia. Ukiingia, wasalimie, achia tumbo, vuta pumzi mpaka chini. Mtu anayekusomea mistari ya upande wa pili mara nyingi ni msaidizi aliyechoka anayesoma bila hisia. Msikilize hivyo hivyo, umjibu yeye alivyosema, usimjibu yule uliyemwandaa chumbani kwako. Wakikuambia rudia, tena tofauti, hiyo ni dalili njema: wanataka kuona kama unafundishika. Badilisha kitu kimoja, hata kama ni kumkasirikia mhusika badala ya kumwonea huruma. Ukimaliza, uliza kama kuna la kurekebisha, liandike kwenye daftari kabla hujapanda daladala, na wakikupa maelezo hayo nitumie, tuendelee kutoka hapo.